Siku ya Mgeni

Watu wengi wakilisikia neno utamaduni huzikumbuka ngoma, vinyago, mavazi na methali. Ni wachache wanaokikumbuka chungu. Hata hivyo, hakuna jambo la utamaduni linalotendwa mara nyingi kuliko kula, wala hakuna linaloingia ndani ya mtu zaidi ya hilo. Ngoma huchezwa kwa majira yake, na vazi huvaliwa likavuliwa. Lakini chakula hugeuka kuwa damu na nyama ya mlaji. Kwa sababu hiyo, mtu akitakiwa kubadili chakula chake huona kana kwamba ametakiwa kuibadili nafsi yake. Jambo hili tulilisoma vitabuni siku nyingi. Maana yake halisi tulikuja kuijua nyumbani kwetu Ujiji, pale sisi wenyewe tulipoambiwa tupunguze vile tuvipendavyo. Tunakusudia kuyaeleza hapa mashaka yaliyotupata, si kwa kuwa ni makubwa kuliko ya wengine, bali kwa kuwa tunaamini yamo katika nyumba nyingi za taifa letu, na kwamba walimu wenzetu na vijana tunaowafundisha wanaweza kupata funzo ndani yake.

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke, wote walimu, na tunaishi pamoja na mama mzazi wa mmoja wetu. Mwanawe wa kwanza, kaka yetu, aliugua kisukari kwa muda wa miaka tisa. Katika mwaka wa saba alipata kidonda kidogo mguuni, kilichosababishwa na kiatu kilichombana, na kidonda hicho hakikupona. Alikatwa mguu. Mwaka 2022 tulimzika. Baada ya arobaini yake sisi wawili tulikwenda kupimwa. Mmoja wetu alionekana ana shinikizo la damu. Mwingine sukari yake ilikuwa imepanda, ingawa ilikuwa haijafikia kiwango cha ugonjwa. Daktari alitwambia kwa upole, "Walimu, hamjachelewa. Lakini njia mnayokwenda ndiyo aliyoipita ndugu yenu."

Tulirudi kwa miguu bila ya kusemezana. Usiku ule tulikula ugali wa muhogo kwa migebuka ya kukaanga, tukamalizia kwa chai yenye sukari nyingi. Hatukujua njia nyingine ya kujiliwaza.

Msomaji asiyepata kufika mwambao wa Ziwa Tanganyika yafaa aelezwe chakula chenyewe. Kigoma ni nchi ya michikichi. Matunda yake hukatwa kwa mikungu, hupukuswa, huchemshwa, hutwangwa au kukamuliwa kwa mashine, kisha huchemshwa tena hata mafuta mekundu yaelee juu. Hayo ndiyo mawese. Hutiwa katika maharage. Hutiwa katika sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hutiwa katika dagaa na katika migebuka. Mtoto wa Kigoma aliye masomoni Tabora au Dar es Salaam akiletewa chupa ya mawese kutoka kwao, huifungua na kuinusa kwanza, kabla hajauliza habari za nyumbani. Juu ya hayo Ujiji ni mji wa kale wa biashara, na watu wake walijifunza tangu zamani kupika vitumbua, maandazi, sambusa na chapati. Nyumbani kwetu chai ilinywewa mara tatu kwa siku, na kila kikombe kilitiwa vijiko vinne vya sukari.

Ni lazima tukiri vilevile kwamba hatukuwa tukila kwa ajili ya njaa tu. Tulikula tuliporudi kutoka shuleni tumechoka, na vichwa vinavuma kelele za madarasa yaliyojaa. Tulikula fedha zilipokwisha kabla ya mwezi kwisha. Tulikula tuliporudi mazikoni. Katika kila huzuni yetu palikuwa na kitu cha kukaanga, na katika kila furaha palikuwa na viwili. Mtu anayekula namna hii haponi kwa kuambiwa tu kwamba chakula fulani ni kibaya, kwa maana hakitumii kama chakula peke yake. Anakitumia kama ndugu wa kumpa pole.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la kibabe. Tulitangaza kwamba mawese hayataingia tena jikoni, na sukari vilevile. Mshahara wa mwezi ule ukanunua mafuta ya zeituni, matofaa na nafaka za makopo zilizotoka ng'ambo. Picha ya mlo bora tuliyokuwa nayo vichwani haikuwa ya Kigoma wala ya Tanzania; ilikuwa ya magazeti ya nchi nyingine. Tulidhani siha ni kitu kinachokuja kwa ndege. Tulikaa tukila kabichi iliyochemshwa bila ya kiungo chochote, tukitazamana kama wafungwa wa chumba kimoja.

Siku ya kumi na moja mmoja wetu, na haidhuru ni yupi, alisimama pembezoni mwa soko la Mwanga akila vitumbua nyuma ya gazeti lililokunjuliwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili akapita na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Mwalimu hakuweza kuitikia marahaba, maana kinywa kilikuwa kimejaa. Juma lile lile ilionekana pakiti ya sukari nyuma ya madaftari katika kabati letu la vitabu. Aliyeificha alidai kwamba aliisahau pale. Hivyo ndivyo nyumba ya walimu wawili ilivyogeuka kuwa nyumba ya wezi wawili, kila mmoja akimwibia mwenzake kile walichokubaliana kukiacha.

Lakini kosa hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilifuata siku ya Ijumaa. Mama alikuwa ametuvumilia kimya muda wote. Siku ile aliamka mapema, akaenda mwenyewe Kibirizi mitumbwi ilipokuwa ikirudi kutoka uvuvini, akanunua migebuka, akaikaanga kwa mawese kama alivyozoea, akaipanga katika sahani na kuileta mezani. Tuliisukuma sahani. Akauliza, "Wanangu, nimewakosea nini?" Badala ya kunyamaza, mmoja wetu akamjibu, "Mama, chakula hiki ndicho kilichomuua kaka."

Mama hakusema neno. Aliifunika sahani kwa kawa, akaingia chumbani kwake. Kesho yake hakutoka kupika. Siku ya tatu alikuja mjomba, mdogo wake Mama, ambaye alikuwa mvuvi tangu ujana wake hadi mikono ilipokataa kuvuta nyavu. Tulimwamkia, aliitikia bila ya kututazama. Kisha akasema, "Mwacha mila ni mtumwa. Mawese ndiyo yaliyowalea. Ndiyo yaliyouzwa mkalipiwa karo. Leo mmesoma, mnayaita sumu? Mimi nina umri wa miaka sabini na mitano, na mawese nimeyala maisha yangu yote." Tulijaribu kumweleza habari za mishipa na moyo. Alitusikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Tulibaki na aibu ya namna mbili. Ya kwanza ni kwamba tulimtia mama jeraha juu ya jeraha, tena kwa neno lisilo la haki. Kisukari kina sababu nyingi. Urithi wa ukoo umo, unene umo, kukaa bila ya kuutumikisha mwili kumo, na chakula chote cha miaka mingi kimo. Haiwezekani kuyatwika mauti ya mtu juu ya sahani moja, wala juu ya mikono iliyoiandaa. Aibu ya pili ni kwamba methali ya mjomba ilitushinda. Sisi tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi kila mwaka kwamba taifa lisilothamini mila zake ni taifa la watumwa. Je, tulikuwa tumeuacha utamaduni wetu kwa kuogopa kufa?

Tulimwomba Mama radhi. Hakuitoa siku ile. Aliitoa baadaye, kwa namna yake, alipokuwa amekaa uani akichambua maharage, nasi tukakaa naye kumsaidia. Tulimwuliza alikuwa akila nini alipokuwa msichana. Alifikiri, kisha akasema:

"Mjomba wenu amesahau, kwa kuwa wanaume hawaingii jikoni. Nyumbani kwetu mawese yalikaa kibuyuni, na kibuyu kilitundikwa juu. Mama alikuwa na kijiko cha mti. Kijiko kimoja kwa chungu kizima, na sisi tulikuwa watoto sita. Kukamua mawese kwa mikono ni kazi, nani angeyamwaga ovyo? Samaki tulimchemsha, au tulimchoma. Samaki kuogelea katika mawese, hiyo ilikuwa siku ya mgeni."

Tukamwuliza mgeni alikuwa akija mara ngapi. "Pengine mara moja kwa mwezi. Mwezi mwingine hakuja." Akachambua kidogo, kisha akaongeza, "Ninyi mlipopata kazi mkaniletea mawese kwa madumu, mkaninunulia karai kubwa na jiko la gesi. Nikasema, wanangu wasikae kama watu wasio na mgeni. Nikawafanyia kila siku siku ya mgeni."

Maneno hayo yalitufumbua macho kuliko vitabu vyote. Mjomba alikuwa na haki kuitetea mila, lakini mila aliyoitetea haikuwa ile waliyoiishi wazee wake. Mila ya zamani haikuwa mawese tu. Ilikuwa mawese pamoja na kibuyu kilichotundikwa juu, pamoja na kijiko cha mti, pamoja na kusubiri. Sisi tuliyachukua mawese, tukauacha ule mpango uliokuwa ukiyatawala, kisha tukaliita pato letu jipya kwa jina la jadi. Wala mjomba mwenyewe hakuishi kama sisi. Alivuta nyavu usiku kucha, akatembea kutoka Kibirizi hadi Ujiji na mzigo begani. Sisi mwendo huo tunaupanda daladala, na tukichelewa tunapanda pikipiki.

Yafaa pia tukumbuke kwamba hicho tukiitacho chakula chetu cha asili kimekuwa kikibadilika siku zote. Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi. Muhogo na mahindi ni mimea ya Amerika, iliyoletwa barani Afrika na Wareno katika karne ya kumi na sita na baadaye, ikaenea bara polepole kwa mikono ya wakulima wenyewe. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliikuta michikichi imekwisha stawi katika mwambao huu. Chumvi ni ya kale zaidi: wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba katika chemchemi za Uvinza watu walikuwa wakichemsha chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na chumvi hiyo ilisafirishwa mbali ikabadilishwa kwa vitu vingine. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na bidhaa za pwani, sukari na unga wa ngano miongoni mwake, zikapata njia nyepesi ya kuingia. Ikiwa babu zetu waliweza kuupokea muhogo na kuufanya ugali wao, basi kubadili mlo si kuvunja utamaduni. Utamaduni hasa ndio uliowawezesha kubadilika bila ya kupotea, kwa sababu kila kigeni walikipa kipimo na mahali pake.

Sukari inahitaji neno la peke yake. Sisi tulikuwa watoto katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, wakati bidhaa zilipoadimika nchini kote. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Tunakumbuka kusimama katika foleni ya duka tangu alfajiri kwa ajili ya kilo moja ya sukari, na kurudi mikono mitupu. Tunakumbuka chai iliyokorogwa kwa sukari ya kuhesabu, na mgeni kupewa kikombe kitamu kuliko cha baba. Katika akili zetu za kitoto sukari ikawa alama ya heshima na ya salama. Tulipokuja kupata mishahara, vijiko vinne havikuwa uroho tu. Vilikuwa njia ya kuiambia foleni ile kwamba imekwisha. Watu wengi wa rika letu wana foleni ya namna hii ndani yao. Mwalimu wa lishe asiyeijua atazungumza na masikio ya watu, lakini mikono yao itaendelea kukoroga.

Baada ya kuyaelewa hayo tulirudi kwenye elimu ya lishe tukiwa wanyenyekevu zaidi. Mawese si sumu. Wekundu wake ni wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, yenye kuyalinda macho na kuwakinga watoto na maradhi. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya ile aina inayoganda, ambayo ikizidi huongeza lehemu katika damu na kudhuru moyo. Tukiyachemsha karaini hata wekundu upotee, kama wafanyavyo wengi wanapotaka kukaanga, tunakiondoa kilicho chema na kukibakiza kinachonenepesha. Aidha, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta yoyote, yawe mawese, alizeti au yale ya zeituni tuliyoyanunua kwa mshahara mzima, kina nishati ya kalori zipatazo 120. Kosa letu lilikuwa katika kiasi.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na akiweza asizidishe 25. Kijiko cha chai kina gramu zipatazo 4. Vikombe vyetu vitatu vya vijiko vinne vilikuwa gramu 48. Kiwango cha juu kabisa tulikuwa tumekifikia kabla ya kuhesabu andazi wala soda. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya kutwa. Na kinyume cha tulivyodhani, vitu vilivyo bora vilikuwa mlangoni petu: dagaa, ambaye huliwa mzima pamoja na mifupa yake na hivyo huujenga mwili wa mlaji, sombe, maharage, mapapai, na maembe ya miti ile mikubwa ambayo Ujiji unajulikana kwayo.

Jaribio la pili lilianzia hapo, na mwalimu wetu alikuwa Mama. Alikitafuta kijiko, si cha mti, bali cha mezani, akakitundika ukutani kwa uzi, na ikawa marufuku kumimina mawese moja kwa moja kutoka katika dumu. Samaki akarudi kuchomwa na kuchemshwa kwa nyanya, vitunguu na ndimu. Sukari ilipungua kijiko kimoja kila mwezi. Tulijifunza kwamba ulimi ni mwanafunzi mzito lakini si mjinga: baada ya majuma machache chai ya vijiko viwili ilionekana tamu kama ile ya vinne ilivyokuwa.

Hata mjomba alituletea mchango, ingawa alikuja kwa nia ya kutazama kama Mama anashibishwa. Tulipomweleza habari ya siku ya mgeni alicheka, akasema, "Hata ziwa lina mapumziko yake. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hafuati taa, na wavuvi huvuta mitumbwi pwani. Basi na karai lenu livuteni pwani." Tukalifuata shauri lake. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, karai la nyumba yetu hufunikwa kifudifudi, na hakuna kinachokaangwa. Siku nyingine tunakaanga mara moja kwa juma, au mgeni anapofika. Hatukuhitaji kalenda ya ukutani. Mwezi unatoka juu ya nyumba ya kila mtu, na watoto wenyewe hutukumbusha. Hata hivyo ilitubidi kuongeza sharti moja, kwamba jirani wa ukuta mmoja hahesabiwi kuwa mgeni. Maana habari zilienea, na kwa muda jirani zetu walizidi kututembelea saa za kupika.

Tusingependa msomaji adhani kwamba tangu hapo tulishinda. Mwaka 2024, kufuatia makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa letu, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Tulidhani miezi hiyo mitatu itatusaidia, kwa kuwa migebuka haitakuwapo ya kukaangwa. Mambo yalikuwa kinyume. Samaki alipokosekana, tukaanza kununua maandazi asubuhi, kisha chapati jioni, na mwisho wa miezi ile tulipopimwa kila mmoja alikuwa ameongezeka uzito. Ziwa lilikuwa limekubali kupumzika, sisi hatukukubali. Tulijifunza kwamba hamu ikifukuzwa katika chakula kimoja huhamia katika kingine, na kwamba mwenye kuitafuta siha hapaswi kukiwinda chakula kimoja kama adui. Auchunguze moyo wake, ajue ni saa zipi unapodai kuliwazwa. Kwetu saa hiyo ilikuwa ni ile ya kurudi kutoka kazini. Sasa saa ile tunatembea kwa miguu chini ya miembe kabla ya kuingia jikoni, na mara nyingi, si mara zote, mguu huitoa ile huzuni ambayo zamani tuliipeleka mezani. Idd iliyopita tulianguka tena, kwa vitumbua. Tulisimama tena.

Taifa letu lina historia katika jambo hili. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa upungufu: mtoto asiyepata protini, mama asiyepata damu ya kutosha. Hofu hiyo haijakwisha, na kwa nyumba nyingi za Kigoma kijiko cha mawese katika uji wa mtoto bado ni neema. Lakini pembeni yake imekua hofu nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la damu, na wapatao 9 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Katika ukoo mmoja, pengine katika nyumba moja, utamkuta mtoto aliyedhoofu na mtu mzima aliyezidi uzito. Elimu ya lishe ya siku hizi haina budi kuwasemesha wote wawili, na kila mmoja kwa lugha yake.

Kazi hiyo inatuhusu sisi walimu kwa namna ya pekee. Mwanafunzi anayenunua andazi na soda langoni mwa shule anajenga mazoea ambayo atakuja kuyaita mila yake. Tusimtishe, wala tusimpe picha za vyakula ambavyo nyumbani kwao havitapatikana kamwe. Tumtume akawaulize bibi na babu zake: mlikula nini, kwa kiasi gani, siku zipi, na baada ya kazi gani? Akiyaandika majibu hayo atakuwa ameandika somo la historia, la jiografia na la siha kwa wakati mmoja. Atagundua, kama tulivyogundua sisi, kwamba wazee hawakuturithisha vyakula tu. Walituachia na vipimo vyake, nasi vipimo ndivyo tulivyovipoteza.

Mwaka huu tulisoma hitima ya kaka yetu. Wageni walikuja kutoka Kibirizi, Mwandiga na Ilagala, na mjomba alikuwa miongoni mwao. Mama alikigeuza karai. Alikaanga migebuka kwa mawese kama alivyokuwa akimkaangia mwanawe, akaigawa, na sisi akatuwekea kila mtu mmoja. Tulila bila ya kujificha na bila ya hofu, tukamkumbuka marehemu. Jioni, wageni walipokwisha kuaga, Mama aliliosha karai, akalifuta, akalifunika kifudifudi. Kisha akakichukua kijiko, akakirudisha ukutani mahali pake.